Mafuta Yaliyonywewa na Baridi

Mwamuzi hakuwahi kupandisha sauti. Hilo ndilo lililomkera zaidi Mhandisi Mwanaidi Shekivuli. Kisanduku kile cha kijivu, kilichofungwa kwa lakiri chini ya usukani, kilimwita mtu mwizi kwa sauti ileile ya upole kiliyoitumia kumkumbusha afunge mkanda.

"Dereva Obadia Tweve," kilisema, "matumizi yako hayana maelezo. Tafadhali shuka."

Obadia Tweve hakuwa na pa kushukia. Alikuwa amesimama nje ya gari la zahanati ya Lwangu, mkono mmoja ndani ya koti la sufu, akilitazama dole gumba la mkono wa pili kama mtu anayetazama kiatu kilichompasukia njiani. Mwanaidi alikuwa amemwomba aliweke tena kwenye kioo cha mlango kinachosoma alama za vidole ili alione jambo lenyewe likitokea. Taa iliwaka nyekundu. Ingewaka nyekundu kwenye gari lolote nchini, liwe la wagonjwa, la abiria au la kubebea viazi, mpaka mkaguzi aje, apime, atie sahihi.

Mkaguzi alikuwa Mwanaidi, na alikuwa amesafiri siku mbili kutoka Dodoma kuja kusimama kwenye umande ulioganda.

Hakuja kwa huruma. Alikumbuka vizuri hali ilivyokuwa kabla ya Mwamuzi: petroli imeanza kugawiwa kwa kipimo, na karibu theluthi ya mafuta ya magari ya umma inaishia kwenye madumu ya wauzaji wa kando ya barabara. Zahanati zilikuwa na magari yasiyotembea. Kisha kila gari likafungwa kisanduku kilichojua aina ya injini, mteremko wa kila barabara, uzito wa mzigo na mwendo, kikakokotoa gari lilipaswa kunywa kiasi gani. Dereva akizidisha kwa majuma matatu mfululizo, kisanduku humfungia. Wizi ulikwisha ndani ya miezi michache. Mwanaidi alikuwa na takwimu, na takwimu zilikuwa safi.

Zilikuwa safi mpaka alipoziweka kwenye ramani. Tangu Mei, madereva waliofungiwa walikuwa wamejikusanya katika sehemu chache: Makete, Njombe, Mufindi, Lushoto. Alimwuliza mkurugenzi wake, Bwana Kalokola, kama wizi una kawaida ya kupanda milima. Bwana Kalokola alimjibu kwamba hata wezi wanapenda hali ya hewa nzuri, akamsainia safari ili asimsikie tena.

*

Gari lilikuwa la haibridi, dogo, lenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazopokezana kazi. Mwanaidi alilifungua boneti na kukuta kipande cha boksi la sabuni kimefungwa kwa kamba mbele ya rejeta. Alimwuliza Mzee Tweve kazi yake. Alijibu kwamba ni koti. Mwanaidi alilifikiria jibu hilo, akaona kwamba kitaalamu halina kosa: boksi lilizuia upepo baridi na kuifanya injini ipate joto mapema. Akaliacha.

Ndani ya gari alikuta koti lingine, na hilo halikuwa sahihi. Ubavuni mwa kiti cha nyuma mlikuwa na tundu lenye vyuma vyembamba kama vya dirisha la jiko, na mtu alikuwa amelishindilia blanketi zee mpaka likaziba kabisa. Obadia alieleza bila wasiwasi kwamba tundu lile linapuliza baridi kwenye miguu ya wagonjwa, na kwamba magari yote ya namna ile huku juu yamezibwa hivyo. Fundi mmoja wa mjini aliwafundisha, wao wakafundishana.

Mwanaidi alivuta pumzi. Tundu lile halipulizi, alimwambia. Linavuta. Betri kubwa iko chini ya kiti, na inavuta hewa ya ndani ya gari, ambayo hita ikishawaka ni hewa yenye joto. Kwa kulizuia, wamekuwa wakiiacha betri igande asubuhi nzima.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo tumeinyima pumzi," Obadia alisema.

"Mmeinyima joto."

"Afadhali. Nilidhani umekuja kuniambia nimeua."

Alicheka peke yake. Mwanaidi alilivuta blanketi likatoka vipande vipande, na kwa muda mfupi akaamini kwamba amekwisha kupata jibu lote, kwamba kesho kutwa atakuwa njiani kurudi. Alilipenda jibu lile. Lilikuwa dogo, lilikuwa na umbo, na halikumdhuru mtu.

Hata hivyo alifuata utaratibu. Alikitoa kipima-tangi cha zamani, kile kifaa kinachoeleza mafuta yaliyobaki, akafunga kipya kilichotoka ghalani na lakiri yake. Cha zamani alikijaribu palepale kwenye ndoo yenye alama za lita. Kilikosea kwa chini ya nusu ya asilimia moja, yaani hakikukosea. Akakitia mfukoni mwa begi. Kisha akafunga kifuniko cha tangi kwa lakiri ya pili na kutangaza kwamba kwa siku saba zijazo gari la zahanati litaendeshwa na yeye. Kama dereva asiye na sababu ya kuiba atatumia mafuta yaleyale, itajulikana kwamba hayakuibwa.

Aliyepinga ni Sista Twilumba Mahenge, mkunga na mkuu wa zahanati, mwanamke mfupi aliyevaa sweta mbili juu ya gauni jeupe. Hakupinga kwa maelezo mengi. Aliuliza tu kama mhandisi amewahi kuendesha gari kwenye barabara iliyoganda. Mwanaidi alijibu kwamba amezaliwa Muheza.

"Basi Obadia atakaa kiti cha pembeni," alisema Sista Twilumba. "Hata kama ni mwizi, macho yake hayajafungiwa."

*

Uwanda wa Lwangu uko juu kuliko mahali pengi ambapo watu wa nchi hii hulala kwa hiari. Mwezi wa Juni majani yake huamka meupe, ng'ombe hutoa mvuke, na maji ya bomba hutoka baada ya kubembelezwa. Mwanaidi alikifunga kipimajoto chake kwenye kioo cha pembeni. Asubuhi ya kwanza kilisoma sifuri. Ya pili kilisoma chini yake.

Alichokiona ndani ya siku tatu kilimkasirisha kwa namna ambayo ni makosa mepesi tu huweza kumkasirisha mtu. Fadhila ya haibridi ni kuzima injini. Ikisimama huzima, ikiteremka huzima, ikienda polepole huachia umeme. Lakini injini iliyoganda haikubali kuzimwa. Oili ni nzito, kichujio cha moshi hakifanyi kazi kabla ya kupata moto, na hita ya ndani haina moto wake yenyewe, hutegemea maji yaliyochemshwa na injini hiyohiyo. Kwa hiyo injini huwaka na kuendelea kuwaka, gari liwe linakwenda au limesimama. Na safari za zahanati ni fupi: kupeleka chanjo hapa, kumfuata mgonjwa pale, kusimama nusu saa. Injini ilikuwa inapata moto mlangoni kwa mgonjwa na kuupoteza akiwa anatafutiwa viatu.

Betri nayo ilikuwa na ukaidi wake. Kwenye mteremko wa kuingia mjini, ambako breki zingepaswa kuirudishia umeme, ilikataa kupokea. Baridi huifanya iwe kama tumbo la mtu aliyeamka na homa; unaweka chakula mbele yake anageuza uso. Mteremko mzima uliishia kuwa joto kwenye magurudumu, bure. Tairi zilikuwa zimesinyaa na kuongeza uzito wa mwendo. Hewa nyepesi ya huku juu ilisaidia kidogo, na Mwanaidi aliihesabu pia kwa haki, lakini ilikuwa msaada wa jirani anayekuja msibani na kiberiti.

Kwa joto la Muheza gari lile lilipaswa kunywa lita nne na robo kwa kilomita mia. Yeye, kwa mikono yake, tangi likiwa na lakiri, tundu likiwa wazi na boksi la sabuni mahali pake, alikuwa anatumia zaidi ya lita sita.

Mwamuzi hakuwa na njia ya kujua hilo, kwa kuwa hakuwa na kipimajoto. Waliomfundisha walimfundisha kwa safari za pwani na nyanda kavu, ambako asubuhi ya leo inafanana na ya jana. Wakapima kama joto linaongeza usahihi wowote. Halikuongeza. Wakakiondoa kipimajoto kwenye orodha ya vipuri na kuokoa fedha. Hapakuwa na hila ndani yake, wala uvivu. Ilikuwa hesabu sahihi iliyofanywa mahali pasipofaa, na Mwanaidi, ambaye aliwaheshimu watu wale, hakuwa hata na wa kumgombeza.

Alimpigia simu Bwana Kalokola kumweleza. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, akamsifu, kisha akamkumbusha kwamba taarifa ya mkaguzi hupokea sababu moja kati ya tatu: wizi, uzembe wa dereva, au kifaa kibovu. Mwanaidi alisema sababu ni baridi. Mkurugenzi alisema anaelewa, lakini baridi haimo. Mwanaidi aliomba iongezwe. Alijibiwa kwamba kuongeza sababu kunahitaji takwimu za kuonyesha kwamba sababu hiyo ipo, na takwimu hukusanywa kutoka kwenye taarifa za wakaguzi.

Alikata simu kwa adabu, akakaa ndani ya gari akitazama kioo cha mbele kikijaa pumzi yake.

*

Kulikuwa na jambo la pili, na hilo hakulipenda hata kidogo. Yeye alikuwa anatumia lita sita na ushee. Obadia, kabla ya kufungiwa, alikuwa anatumia saba na ushee. Blanketi la betri lilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo. Ilibaki karibu lita moja nzima kwa kila kilomita mia, na baridi haikuwa imeinywa.

Alimwuliza Obadia waziwazi. Mzee hakujikunja wala kutafuta maneno. Alisema hiyo ni ya wazazi. Huku Lwangu mwanamke aliyetoka kujifungua haingizwi kwenye kitu baridi. Zamani, alipobebwa kwa machela, blanketi lake lilipashwa kwanza motoni na mama mkwe, na nyumba iliyosahau kulipasha ilisemwa vibaya kwa miaka. Gari lilipokuja, wakaona gari ndilo blanketi. Kwa hiyo mzazi akiruhusiwa kwenda nyumbani, Obadia huwasha injini na hita, hufunga milango, husubiri mpaka vioo vya ndani vitoe jasho. Ndipo mzazi hutolewa na mtoto wake.

Mwanaidi alimwuliza kama anajua kanuni inasemaje kuhusu injini inayowaka gari likiwa limesimama.

"Naijua. Inasema ni wizi," Obadia alisema. "Sasa mimi nimemwibia nani, mtoto?"

Kanuni haikuwa ya kipumbavu. Ilitungwa baada ya watu kugundua kwamba haibridi ni jenereta yenye magurudumu, wakawa wanaliegesha gari la umma nyuma ya duka na kuchomelea mageti kwa umeme wake. Zaidi ya dakika tatu kusimama na injini ikiwaka kulihesabiwa kuwa matumizi nje ya safari, na matumizi nje ya safari ni wizi. Mwanaidi mwenyewe aliwahi kuitetea kanuni hiyo mbele ya watu. Akamwambia Obadia kwamba katika siku zake saba injini haitawashwa kupasha joto gari lililosimama, kwa mtu yeyote. Vipimo vikichanganyika, hakuna atakayeweza kutenga kazi ya baridi na kazi ya blanketi.

Obadia alisema yeye siku hizi ni abiria.

Siku ya saba ilimletea Edina, mwanamke kijana wa kijiji cha ng'ambo ya uwanda, na mtoto wake wa kike aliyezaliwa na uzito wa kilo mbili na robo. Kulikuwa na wazazi watatu wodini na wawili zaidi njiani, kitanda kilihitajika. Mwanaidi alilisogeza gari mlangoni na kuzima. Sista Twilumba alitoka, akaligusa boneti kwa kiganja, kisha akamwomba mhandisi amwazime kipimajoto chake. Alikilaza kwenye kiti cha nyuma, akafunga mlango, akasimama pale mikono kwapani, akisubiri kama mtu anayesubiri uji uchemke.

Alipokitoa kilisoma mbili.

Alimrudishia. "Wewe ni mtu wa vipimo, mhandisi. Endelea kupima."

Mwanaidi alieleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kwamba siku sita safi ni ushahidi wa madereva wote wa milimani, kwamba siku moja iliyochafuka itampa kila mtu wa Dodoma sababu ya kuutupa, kwamba mtoto anaweza kuvikwa zaidi. Sista Twilumba alikubali kila neno. Akasema atamvika. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba mtoto wa uzito ule hana mafuta mwilini ya kujipasha, na akishapoa humchukua nusu siku kurudi, wengine hawarudi. Huo nao ulikuwa ni ukweli uliopimwa, na Mwanaidi aliujua.

Alikaa kwenye usukani. Alitafuta ndani ya hesabu zake njia ya tatu, na kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu aliitafuta kwa bidii, na haikuwepo. Akabonyeza kitufe. Injini ikawaka. Alilisukuma gurudumu dogo la hita mpaka mwisho wake, akafunga vioo.

Dakika tatu zilipopita Mwamuzi alizungumza.

"Dereva Mwanaidi Shekivuli, gari limesimama. Tafadhali zima injini."

"Kuna mtoto mchanga," Mwanaidi alisema, ingawa alijua kuliko mtu yeyote nchini kwamba kisanduku kile hakina sikio.

"Dereva Mwanaidi Shekivuli, gari limesimama."

Kiliendelea hivyo mpaka vioo vilipotoa jasho. Edina alitolewa akiwa amefunikwa gubigubi, akaingia, akasema ahsante kwa joto. Njia nzima mtoto alilala.

*

Dereva wa kawaida hupewa majuma matatu. Mkaguzi hupewa siku saba, kwa sababu anapaswa kujua zaidi. Asubuhi iliyofuata Mwanaidi aliweka dole gumba lake kwenye kioo cha mlango na taa ikawaka nyekundu.

"Dereva Mwanaidi Shekivuli, matumizi yako hayana maelezo. Tafadhali shuka."

Sista Twilumba alikuwa kizingitini na kikombe cha chai. Alitazama taa, akamtazama mhandisi, akanywa kidogo.

"Kamwene, mwizi," alimsalimu.

Mwanaidi alijibu "Kamwene," kwa kuwa salamu ni salamu.

Bwana Kalokola alipiga simu kabla ya saa tatu, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Aliongea kwa upole usio wa kawaida. Alisema jambo hili ni la aibu lakini linarekebishika. Mwanaidi atie sahihi kwamba kipima-tangi kilikuwa kibovu, cha zamani na kipya, vyote viwili. Hukumu yake itafutwa leo hii. Ya Obadia pia. Gari litatembea, zahanati itapata huduma, kila mtu atakuwa amefaidika.

Mwanaidi alisema kipima-tangi kipya kilitoka ghalani na lakiri yake, na kiko sawasawa. Mkurugenzi alisema hilo analijua. Hapo ndipo Mwanaidi alipoanza kujiuliza upole ule umetoka wapi, na jibu alilipata kwenye kanuni zenyewe, kifungu cha mwisho ambacho hakuna aliyewahi kukihitaji. Kilitungwa na watu walioogopa wakaguzi wala rushwa. Mkaguzi akihukumiwa na Mwamuzi, kisanduku hakiaminiwi na mkaguzi haaminiwi. Ndani ya siku kumi na nne kisanduku hufunguliwa mbele ya kikao cha wazi na kila kilichopimwa husomwa, dakika kwa dakika. Dereva wa kawaida hana haki hiyo. Obadia angeweza kulalamika mpaka azeeke, asingefunguliwa hata skrubu moja.

Kikao kingezisoma siku sita za lita sita. Kisha kingeisoma siku ya saba, dakika zile za kusimama, na wangelazimika kuuliza kwa sauti kama huo ni wizi. Ilimradi hukumu yake isimame. Ilimradi asisafishwe.

Alimwomba mkurugenzi muda, akaenda jikoni mwa zahanati ambako Obadia na Sista Twilumba walikuwa wameketi karibu na moto, akawaeleza yote bila kupunguza. Akasema anakusudia kukataa. Obadia atabaki amefungiwa mpaka kikao kiamue, lakini kikiamua, kitaamua kwa ajili ya milima yote.

Obadia alichokonoa kuni kwa muda.

"Mimi sitaki haki, mhandisi," alisema. "Nataka gari. Haki ikija baada ya majuma mawili itanikuta nimekwisha kuzika."

Mwanaidi alisema kutia sahihi ile ni kuandika uongo, na mwakani Juni itarudi na Mwamuzi atakuwa hajajifunza kitu.

"Ni kweli," Sista Twilumba alisema. "Lakini nina wazazi watatu wodini, dada yangu. Mmeniachia gari lenye mafuta, na hakuna kidole cha kuliwasha. Hapa wenye kujua kuendesha ni wawili, na wote wezi. Niambie nimpe nani huo ukweli akaupakie."

Mwanaidi alitoka nje. Hakuwa na hasira nao, na hilo lilimuudhi zaidi. Hasira ingempa kazi ya kufanya. Katika miaka yake yote alikuwa amesaini taarifa mia kadhaa na hakuna hata moja aliyoona haya kuisoma tena. Alizunguka zahanati mara mbili. Nyuma yake palikuwa na tanuri la matofali la kuchomea sindano na taka za wodini, likifuka moshi. Alisimama karibu nalo kwa sababu lilikuwa na moto, na akiwa pale aligundua kwamba mkurugenzi alikuwa ameomba sahihi mbili za uongo, na kwamba si lazima zote mbili ziende pamoja.

Vipima-tangi vilikuwa viwili. Kimoja kilimpima Obadia. Kingine kilimpima yeye.

Alirudi ndani, akafungua taarifa ya Obadia Tweve na kuchagua sababu ya tatu: kifaa kibovu. Alitia dole. Hukumu ikafutika, na hesabu ya Obadia ikaanza upya kutoka sifuri. Mwamuzi angehitaji majuma matatu kumkamata tena, na kikao kingekaa kabla ya hapo. Kisha akafungua taarifa yake mwenyewe. Kwenye nafasi ya maelezo, kwa kuwa sababu aliyoihitaji haikuwepo, aliandika tu kwamba kifaa ni kizima, kwamba mafuta hayakuibwa, kwamba sehemu kubwa imenywewa na baridi na sehemu ndogo, aliyoitaja kwa mililita, ilitumika kumpasha mtoto mchanga, na kwamba hiyo ya mtoto aliitoa yeye mwenyewe kwa kujua. Hakuomba chochote. Akaituma.

Bwana Kalokola alipiga mara nne. Hakupokea.

Kifaa kibovu hupelekwa Dodoma pamoja na taarifa ili kichunguzwe, isipokuwa kiwe kimeharibika kabisa. Mwanaidi alikitoa kwenye mfuko wa begi. Kilikuwa kizima, chepesi, kilichotengenezwa vizuri na mtu asiyemjua. Alimwuliza Sista Twilumba kama tanuri lile lina moto wa kutosha kuyeyusha plastiki na waya. Sista alisema linayeyusha sindano, akakipokea kwa koleo kama anavyopokea taka nyingine yoyote ya wodini, akaenda nacho bila kuuliza ni nini. Mwanaidi alimfuata akasimama mpaka mwisho. Hakutaka jambo lile lifanywe nyuma ya mgongo wake.

Waliporudi mbele, Obadia alikuwa ameweka dole gumba lake kwenye kioo. Kijani. Alilitazama mara mbili, kisha akapanda, na injini ikawaka.

Mwanaidi alilichukua begi lake. Alikuwa ameahidiwa kupelekwa mjini kupanda basi, kwa kuwa kwa sasa asingeweza kuendesha hata trekta. Alishika mlango wa nyuma, na Sista Twilumba akamzuia kwa mkono.

"Wewe ngoja hapo nje. Kuna mzazi wa kuteremka naye. Gari linapashwa."

Alingoja. Kipimajoto kwenye kioo cha pembeni kilisoma tatu. Moshi mweupe ulitoka nyuma ya gari lililosimama, na alijua kwa kila dakika ni mililita ngapi zinakwenda. Ndani ya kisanduku sauti ya upole ilikuwa imekwisha kuanza kumsihi dereva azime. Obadia alimwona anavyotetemeka, akashusha kioo kumwambia aingie basi, mbele palikuwa na nafasi.

"Pandisha kioo, Mzee Tweve," Mwanaidi alisema. "Unapoteza joto."